Unga wa kuua kansa Mwanjelwa, ndo tiba ya jeni?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Uyole, Mbeya. Mama yangu mdogo yuko Tukuyu, miezi sasa chakula kinamkwama kooni, ugali haupiti anakunywa uji tu na amekonda sana, sasa kuna jamaa Mwanjelwa anauza unga wa kopo anasema ni tiba ya jeni inayofanya seli za kansa zijiue, nimecheki mtandaoni naona kweli tiba hiyo ipo. Tumnunulie?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana. Tiba ipo ila sio ya kwenye kopo, hela yako iache mfukoni.

Iko hivi. Wanachukua kirusi kilichopunguzwa makali wanakibebesha jeni (maelekezo yanayoiambia seli itengeneze nini) ya virusi vya hepesi, wale wa malengelenge ya mdomoni, kisha kinachomwa kwa sindano ndani ya uvimbe wenyewe. Seli ikishapokea ile jeni inatengeneza kimeng'enya, yaani protini ya kubadilisha kemikali, hapo bado hakijafa kitu, mpaka mgonjwa apewe gansiklovia ambayo ni dawa ya virusi tu, basi ile seli yenye jeni inaigeuza dawa kuwa sumu, ikitaka kugawanyika inakwama kunakili DNA yake inakufa. Na ninachokipenda mimi, sumu inapenya mpaka seli za jirani, kwa hiyo hata zilizokosa ile jeni nazo zinaenda na maji.

Shida ni kuifikisha hiyo jeni. Kwa panya ilikubali vizuri, Marekani wakaanza kwa watu wenye uvimbe wa ubongo 1992, lakini utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2000 wa wagonjwa 248 haukuonyesha kwamba inarefusha maisha, jeni ilifika kwenye seli chache mno. Desemba 2024 ndo ikatangazwa nafuu kwa kansa ya tezi dume, tena ikienda pamoja na mionzi. Sasa unga wa kukoroga kwenye kikombe unapitaje huko??

Kukwama chakula na kukonda hivyo sio jambo la kusubiri, ukanda huu wa mashariki ya Afrika kansa ya koo la chakula ipo sana. Sijasema ndo hiyo, manake bila kushusha kamera kooni na kukata kinyama kipimwe hakuna anayejua. Aanzie hospitali ya wilaya apewe rufaa ya kuja Mbeya mjini, ikithibitika madaktari ndo watasema kama aende Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar. Nendeni wiki hii uji ukiwa bado unapita, na kama ashaanza kunywa ule unga bebeni kopo lenyewe mkamwonyeshe daktari.