Usiichomeke kwanza

Juzi msomaji mmoja aliniandikia. Amerithi amplifaya ya babu yake, ya zile taa za kioo, haijawashwa miaka 20. Je, aichomeke tu aone kama inafanya kazi? Nilimjibu papo hapo: usiichomeke. Nina sababu, na mpaka leo inaniuma.

Ya kwangu niliachiwa na baba. Niliichomeka siku ileile niliyoipata. Ikaanza kuvuma, mvumo mzito, spika zikatetemeka, kisha nikasikia kishindo na moshi wa harufu kali ukajaa chumbani. Kapasita kubwa ya pawa saplai, kile kifaa kinachotunza chaji ya umeme, ilikuwa imepasuka, vipande vya karatasi na foili vimetapakaa kila mahali. Kumbe kuna fundi wa zamani aliyefunga waya mahali pa fyuzi, basi transfoma nayo ikaungua. Nimeiweka kabatini. Kuitupa siwezi.

Ndani ya kapasita hizi, juu ya foili ya alumini, kuna utando mwembamba mno wa oksidi. Ndio unaouzuia umeme usipenye. Kapasita ikikaa miaka mingi bila volti, utando huo unadhoofika. Ukiipa volti 400 kwa mkupuo, umeme unavuja kwa wingi, joto linapanda, gesi inajaa ndani, inapasuka. Ukiipa kidogo kidogo, ule umeme mchache unaovuja ndio unaoujenga utando upya.

Mwezi uliopita rafiki yangu aliniletea amplifaya yake, imelala muda mrefu vilevile. Safari hii sikuwa na haraka. Nilizichomoa kapasita kwenye saketi, nikailisha kila moja umeme wa DC, yaani wa upande mmoja kama wa betri, kupitia rezista ya kiloomu 10, kifaa cha kubana umeme unaopita, mita ya volti ikiwa imeunganishwa kwenye ncha mbili za rezista. Kila volti 1 inayosomeka hapo ni miliampea 0.1 inayopita. Nilianza na volti 50: mita ikasoma volti 18. Baada ya saa moja ikasoma 3. Nikapandisha kidogo, nikasubiri, nikapandisha tena. Ilinichukua siku mbili, na najivunia kila saa yake.

Moja ilikataa. Kwenye volti 200 mita iligoma kushuka chini ya 40, na mwili wake ukapata uvuguvugu. Nikaiondoa, nikanunua mpya. Ndugu zangu, iliyokauka maji yake ndani haifufuki kwa njia hii, na iliyovimba au kuvuja usiijaribu kabisa. Acheni pupa. Halafu hii ni volti ya kuua: zima, toa chaji kwa rezista, pima kwa mita hadi isome sifuri, ndipo uguse. Usiruke hata hatua moja. Pole pole, narudia, pole pole.

Jumapili usiku tuliiwasha, fyuzi ya kweli ikiwa mahali pake. Taa zikapata wekundu taratibu. Rafiki yangu akasogeza sikio hadi likagusa kitambaa cha spika, akasikiliza, akaniambia, “Mbona kimya?” Nikamwambia aweke muziki.