Mkweo Hajui Unaumwa, Atakuhurumiaje?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 37, nina watoto watatu, naishi Ngamiani, Tanga, nyumba moja na mama mkwe. Mwaka wa nne huu vidole na vifundo vya mikono vinaniuma, asubuhi havikunji mpaka saa nne. Hospitali waliniambia ni baridi yabisi, wakanipa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Shaabani nikaona nina nafuu, nikaviacha maana Ramadhani inaingia. Sasa tuko kumi la kwanza na nimekwisha. Nafunga, napika futari ya watu kumi na mmoja, mawifi wanakuja na watoto wao kila siku, mume analeta wageni bila taarifa. Mkwe anakaa barazani na tasbihi, akifungua mdomo ni “mwanangu, mbona uji umechelewa?” Juzi nimeamka nikamkuta keshakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, kunionyesha kwamba kazi imenishinda. Nikamnyang’anya. Jana mume kaja na chapati za kununua, mbele ya dada zake! Nimelia usiku kucha. Wao nimewaambia ni uchovu tu, sitaki waseme nina ugonjwa wa kudumu wakamtafutia mke mwingine. Usiku nameza diklofenaki mbili ndipo napata usingizi. Na mkwe anataka mjukuu wa nne. Shangazi, niende kwetu Pangani mpaka Idi ipite?*

*Mama Watatu, Tanga*

Marahaba, mwanangu, na pole. Baridi yabisi si maumivu ya kujitakia, na kupika huku mkono haushiki kisu ni mtihani. Pole hiyo itunze vizuri, kwa sababu sina nyingine ya kukupa.

Nimeisoma barua yako nikimtafuta huyo mkwe mbaya, sikumwona. Nilichokiona ni bibi mtu mzima aliyeamka kabla yako, akakaa kwenye mbuzi na magoti yake ya uzeeni, akakuna nazi ili wewe usikune. Wewe ukaona unasimangwa. Hebu niulize mimi niliyekulia Mwambao: mama wa umri ule akitaka kukusimanga, hagusi kazi. Anakaa, anakutazama, anaguna, halafu anamhadithia jirani. Huyu alishika nazi. Ameshaviona vidole vyako, anangoja umwambie, na wewe ukamnyang’anya mbuzi mikononi. Ningekuwa yeye ningenuna mpaka Mfungo Mosi.

Eti “mbona uji umechelewa”. Mtu amefunga tangu alfajiri, magharibi inabisha hodi, anauliza uji uko wapi. Hiyo nayo ni kesi ya kumletea Shangazi?

Na mumeo. Mwanamume kapita njiani, kaona chapati, katoa pesa yake, kakuondolea kazi ya kukanda na kusukuma unga, ambayo kwa vidole vilivyovimba ni adhabu tupu. Kosa lake ni lipi? Ni kwamba mawifi wameona. Basi tuseme ukweli tuyamalize: hiyo futari huwapikii waliofunga, unawapikia mawifi. Unashindana na watu ambao huenda hata hawajui kuna mashindano.

Umewaambia ni uchovu. Sasa unawalaumu kwa kutokuona ugonjwa uliowaficha mwenyewe. Mficha maradhi kilio humfichua, mwanangu. Unaogopa mke wa pili, na siwezi kukudanganya kwamba wanaume hawaoi. Wapo wanaooa hata mke akiwa mzima wa afya, anacheza lelemama. Ila fikiria huyu wako anaona nini kila siku. Anaona mke aliyenuna, anayebamiza masufuria, na usiku akishikwa mkono anauvuta. Hajui kwamba mkono unauma. Anadhani hatakiwi. Kama kuna kitu kitakachompeleka mlango wa pili ni hicho, si baridi yabisi.

Tuje kwenye dawa, na hapa ndipo ulipoanza kunidanganya. Unasema umeacha vidonge kwa ajili ya Ramadhani. Dawa ya mara moja kwa wiki inagombana vipi na saumu, na wiki ina usiku saba? Mimi nashuku umeacha kwa sababu ya mjukuu wa nne. Ulisikia hospitali kwamba dawa ile na mimba haviendi pamoja, ukaamua kumzalia mkweo kimyakimya. Kama nimekosea, utaniandikia.

Ikiwa vidonge vyenyewe ni methotrekseti, na maelezo yako yanaelekea huko, basi ni kweli: inaharibu mimba na inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ndiyo maana mimba haitafutwi kwa kubahatisha. Inapangwa na daktari, anayejua dawa iachwe muda gani kabla, na ipi nyingine upewe ambayo mjamzito anaweza kuitumia. Zipo. Ile nafuu ya Shaabani haikushuka kutoka mbinguni, ilikuwa kazi ya vidonge vile vile. Ugonjwa huu ni kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo vyako mwenyewe, na wanawake huupata mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Haukuja kwa kufulia maji baridi wala kulala kwenye saruji, kwa hiyo usimruhusu mtu akuambie umejitakia. Ukiachwa bila dawa unakula viungo mpaka vidole vinapinda, na vikishapinda havirudi.

Diklofenaki haizuii hilo. Inatuliza maumivu ya usiku huu, kiungo kinaendelea kuharibika chini kwa chini. Unaimeza kila usiku, kisha mchana kutwa tumbo tupu na mwili hauna maji: unatafuta vidonda vya tumbo, na figo nazo unazitia mashakani. Rudi hospitali ya Bombo na kadi yako wiki hii hii. Wala usianze tena vidonge vya wiki kwa kichwa chako, maana kabla ya hapo damu na ini hupimwa. Na usije ukavimeza kila siku ati kufidia ulizokosa. Watu wamekufa kwa kosa hilo.

Saumu nayo muulize daktari, kisha muulize sheikh. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na aya inasema wazi kwamba Mola anatutakia wepesi. Asiyetarajiwa kupona ana fidia ya kulisha maskini kwa kila siku. Wapo wenye ugonjwa wako wanaofunga vizuri baada ya dawa kupangiwa saa za usiku, na wapo wasioweza. Wewe uko kundi gani atakwambia aliyekupima, si mimi, na hakika si mawifi.

Halafu hebu tuseme kuhusu hizi futari zetu, maana si wewe peke yako. Utotoni mwangu futari ilikuwa uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi au magimbi, na kipande cha samaki. Kesho viazi vitamu. Tulishiba, tukaenda tarawehe. Siku hizi nyumba ya mshahara mmoja inaweka tambi, kaimati, sambusa, katlesi, maboga, ndizi mbichi na mbivu, mkate wa kumimina, juisi za aina mbili, na adhana haijalia picha iko kwenye status. Jirani akiiona, kesho anaongeza bajia. Saa mbili usiku nusu ya chakula kimelala kwenye masufuria, na mpishi tarawehe imempita anasugua vyungu. Zamani jiko lilikuwa la watu wengi: shangazi, binamu, mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi akabaki kumenya. Sasa bi harusi anakabidhiwa jiko kama hati ya nyumba, na mwingine akigusa mwiko ni ugomvi. Ndoa nyingi ninazoletewa humu zinachokea jikoni kabla hazijafika chumbani. Wanawake tumejifungia wenyewe, ufunguo tumeuficha, tunapiga kelele tufunguliwe.

Pangani usiende. Ukiondoka katikati ya Ramadhani mtaa mzima utasema umeachika, na mama yako naye, akikuona umefika, atakukabidhi mwiko apumzike yeye.

Leo usiku, watoto wakilala, mwite mumeo umwonyeshe mikono. Mtajie jina la ugonjwa, mwonyeshe kadi, mwambie akusindikize kliniki. Kesho asubuhi, usingoje keshokutwa, kaa karibu na mkweo barazani, umuombe radhi kwa ile nazi, umweleze. Kisha mwachie yeye suala la mawifi. Wewe ukiwaambia waje na sinia lao, utaitwa mchoyo. Mama yao akiwaambia “huyu anaumwa, kila mmoja aje na kitu”, watakuja nacho na watabaki kuosha vyombo. Huo ndio uwezo wa mkwe, na wewe umeuacha ukae barazani bure.

Nazi nunua iliyokunwa kwa mashine sokoni. Futari iwe vitu viwili na uji. Asubuhi loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu kabla hujagusa kazi, pika ukiwa umekaa kwenye kiti, meza mbele yako, uachane na kuinama kwenye kibao, na sufuria zito lisiinuliwe na wewe. Una watoto watatu. Hukunitajia umri wao, lakini sidhani kama wote wananyonya. Anayeweza kushika simu anaweza kukamua tui, na kama ni wa kiume, vizuri zaidi, mkewe wa baadaye ataniombea dua.

Mumeo naye nisimwache atoke hivi hivi kwa sababu ya chapati. Baba, kufuturisha kuna thawabu kubwa, lakini mgeni anayeletwa robo saa kabla ya magharibi bila habari, thawabu yake unaitafuta kwa mikono ya mtu mwingine. Piga simu adhuhuri useme ni wangapi, na pitia chapati. Mama Watatu, jibu hili mpe alisome, aanzie hapa.