Chaza wabichi Seattle: wapi pa kuwala, na nini cha kuangalia kabla hujaagiza

Mkuu, umesema unakuja Seattle kikazi mwezi wa 11, una jioni tatu na Jumapili moja, umekulia Tanga kwenye chaza wa kuchoma, na safari hii unataka kuwala wabichi. Umeuliza wapi, bei gani, na kama tumbo litasalimika. Waliotangulia kukujibu wametaja migahawa ya ufukweni mwa mji wakaishia hapo. Mimi ni mtu wa Pangani, na kabla ya kazi ninayofanya sasa nilikuwa nafungua chaza kwenye mgahawa wa samaki hapa hapa mjini. Nivumilie basi nijibu kwa urefu, maana ni jambo ninalolipenda, na huu ni mji ambao ukijua pa kwenda unakula chaza wazuri kuliko karibu mahali pote nilipofika.

Jioni ya kwanza nenda Taylor Shellfish pale Melrose Market, upande wa Capitol Hill. Kutoka uwanja wa ndege panda treni ya mjini, shuka Westlake au Capitol Hill, kituo chochote kati ya hivyo unamalizia kwa miguu. Usitegemee vitambaa vyeupe mezani. Ni duka lenye matangi ya maji ambamo chaza na kome wamo hai, na kaunta ambapo mtu anakufungulia ukiangalia. Taylor ni familia inayofuga chaza tangu miaka ya 1890 kusini mwa Puget Sound, mkono wa bahari ulio mbele ya Seattle, makao yao yako mji wa Shelton, na mashamba ni yao wenyewe. Ndiyo sababu nawaweka wa kwanza. Chaza akitoka majini hapiti kwa dalali wa kwanza, wa pili na wa tatu ndipo afike kwenye sahani yako.

Ukikaa, usiagize dazeni nzima ya aina moja. Agiza wawili wawili, tofauti tofauti, na uwale kwa mpangilio. Wengi wa chaza wa hapa ni Pacific, aina iliyoletwa kutoka Japani mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya chaza wa asili wa huku kuvunwa kupita kiasi na mabaki yao kuuawa na maji machafu ya viwanda vya karatasi. Pacific yule yule akilelewa kwenye ghuba tofauti anakuwa na ladha tofauti kabisa, kwa sababu kazi yake usiku na mchana ni kuchuja maji anamokaa. Wa Totten Inlet, ambako maji yametulia na yana chakula kingi, ni mnene na mzito mdomoni. Wa Hood Canal ni mwepesi, anaacha ladha safi ya tango bichi. Wa Willapa, ghuba inayopokea maji ya bahari kuu, chumvi inatangulia ndipo utamu unafuata. Halafu kuna wanaouzwa kwa jina la Shigoku: hao pia ni Pacific, ila wamekuzwa ndani ya mifuko iliyofungwa maboya, maji yakijaa na kupwa mfuko unapinduka, chaza wanasuguana, ncha za maganda zinakatika, na mnyama badala ya kurefuka anajaza nyama ndani ya ganda fupi lenye kina. Kwa anayeanza kula wabichi, huyo ndiye wa kufungulia. Ni mdogo, mgumu kidogo kwenye jino, hana utelezi unaowatisha wengi.

Baada yake kula Kumamoto, ambaye naye asili yake ni Japani, mtamu kuliko wote. Kisha Pacific wa kawaida wa ghuba mbili tofauti. Mwisho kabisa Olympia, yule wa asili niliyemtaja, ambaye siku hizi anafugwa kwa uangalifu mkubwa. Ukubwa wake ni wa sarafu tu, na anachukua miaka mitatu hadi minne kufikia hapo. Ladha yake ina ukali wa madini, kama umelamba shaba, na inakaa mdomoni muda mrefu. Ukianza naye, wote watakaofuata hutawasikia.

Wa kwanza mle mtupu, bila limau wala pilipili. Mtafune mara tatu nne, usimmeze mzima kama dawa. Na yale maji yaliyomo kwenye ganda uyanywe, ni nusu ya chakula.

Sasa niseme kuhusu ufunguaji, kwa sababu hapo ndipo utajua mahali pazuri na pabaya hata kama hakuna aliyekuelekeza. Chaza hulazwa ubavu wa shimo chini, ule bapa juu. Kisu kifupi kisicho na makali huingizwa kwenye bawaba, pale maganda mawili yanapokutana nyuma, kikakandamizwa na kuzungushwa mpaka usikie mlio mdogo. Kisha mfunguaji anakipangusa kisu kabla ya kukipitisha chini ya ganda la juu kukata msuli, ili tope la nje lisiingie ndani. Anakata na msuli wa chini, halafu mafundi wengi humgeuza nyama upande ule laini uangalie juu. Muda wote huo ganda halitakiwi kuinama, maji yasimwagike. Akimaliza anainusa. Mfunguaji asiyenusa, ondoka. Na anayesuuza chaza kwa maji ya bomba baada ya kumfungua amekwisha kumwosha ladha yote.

Chaza aliyefunguliwa sasa hivi amejaa, kingo zake nyeusi zimetanuka mpaka ukutani mwa ganda, na maji yake ni maangavu. Kuna mahali fulani, jina naliacha, ambako nilikuta chaza wa jioni wanafunguliwa mchana, wanafunikwa karatasi yenye unyevu na kusubiri kwenye friji mpaka wateja waje. Ukiwatazama unawajua: maji yamekauka, nyama imejikunja katikati, barafu ya chini ndiyo inayong'aa peke yake. Si lazima wakuumize, lakini hiyo pesa umeitupa. Kwa hiyo kaa kaunta kila unapoweza, siyo mezani.

Na uliza maswali mawili: wametoka ghuba gani, wamevunwa lini? Hutaonekana msumbufu. Kila gunia la chaza linaloingia mgahawani linakuja na lebo yenye jina la mvunaji, mahali na tarehe, na sheria inamtaka mwenye mgahawa aitunze lebo hiyo siku 90, ili mtu akiugua ijulikane tatizo limetoka wapi. Jibu liko jikoni. Mhudumu anayekujibu "wabichi kabisa, wameletwa leo" bila kutaja ghuba hajakujibu, maana kuletwa leo siyo kuvunwa leo.

Kuhusu tumbo. Mwezi wa 11 umechagua vizuri sana. Maji yamepoa, chaza wamemaliza msimu wa kuzaa, wameanza kunenepa tena. Kiangazi wengi wao huwa laini na weupe kama maziwa kwa sababu ya mayai, ingawa siku hizi wafugaji wana aina isiyozaa ambayo inabaki imara mwaka mzima. Joto pia ndilo linalostawisha bakteria anayeitwa vibrio, yule anayeharisha watu waliokula wabichi. Joto kali la Juni 2021 liliua chaza na kome wengi ufukweni kwa jua tu, na wagonjwa wa vibrio wakaongezeka sana jimboni humu, Washington. Baridi inapunguza hatari hiyo. Haiondoi kila kitu, kwa sababu wakati wa baridi kuna norovirusi, inayotokana na maji machafu ya vyoo, na jimbo hufunga ghuba inapogundulika. Limau haliui vijidudu, pilipili haiui, pombe haiui. Mwenye ugonjwa wa ini, mwenye kinga dhaifu, mjamzito na mtoto mdogo wale waliopikwa vizuri. Wewe mzima kula bila hofu, pale nilipokuelekeza.

Na kwa sababu hiyo hiyo wazee wetu Tanga na Pangani wanaowachoma hawajakosea hata kidogo. Chaza wetu wa miambani na wa kwenye mizizi ya mikoko anaishi kwenye maji ya joto, wakati mwingine jirani na mji unaomwaga taka baharini, na akitoka majini hakuna barafu inayomsubiri. Moto kwake ni lazima. Ukirudi nyumbani usianze kuwala wabichi kwa sababu uliwala Seattle.

Sehemu nyingine, kwa kifupi. Elliott's Oyster House iko Pier 56, ufukweni mwa mji, ni ya watalii lakini orodha yao ya chaza ni ndefu na wafunguaji wao ni mafundi. Nenda saa za punguzo, mapema jioni. The Walrus and the Carpenter iko mtaa wa Ballard, imefunguliwa mwaka 2010 na Renee Erickson, ndogo na ya kupendeza, foleni yake inaweza kukutoa roho, kwa hiyo fika inapofunguliwa au usiende. Pike Place Market, soko la tangu 1907, utapata chaza kwenye meza za samaki. Jack's Fish Spot wana kaunta ya kula hapo hapo mchana, na kwa mtu mwenye haraka panatosha.

Bei ni kati ya dola 3 na 5 kwa chaza mmoja kwenye migahawa, nafuu zaidi saa za punguzo. Juu ya hapo weka kodi ya mauzo, zaidi kidogo ya asilimia 10, na bakshishi ambayo wengi hutoa asilimia 20. Soma risiti kwanza: migahawa mingi ya Seattle imeshaongeza ada ya huduma humo ndani, usije ukalipa mara mbili bila kujua. Kwa anayejiuliza kuhusu halali: sisi wa madhehebu ya Shafi tunamla chaza bila tatizo, ila mchuzi mdogo wa vitunguu unaoletwa pembeni mara nyingi una siki ya divai, na sehemu karibu zote hizi zinauza pombe. Anayejihadhari aombe limau tu.

Sasa Jumapili yako. Ukipata gari, usikae mjini. Panda feri ya Bainbridge pale ufukweni mwa mji, vuka daraja la Hood Canal, kisha shuka na barabara ya 101 mpaka Lilliwaup, kwa Hama Hama. Ukihesabu na feri, tenga saa mbili na nusu kwenda, na angalia tovuti yao kabla hujaondoka, maana meza ziko nje, hujaa, na mvua ya Novemba si ya mchezo. Vaa. Ni shamba la familia, unakula ukiangalia mchanga ule ule walikotoka, marundo ya maganda yamelundikwa kando kama vichuguu, na wana wa kuchoma pia, siagi na kitunguu saumu juu, wakikutoa kidogo kwenye baridi. Hao wa kuchoma watakukumbusha nyumbani kuliko wabichi.

Kuna jambo pale litakalokushangaza wewe mtu wa pwani. Kwetu maji ya bamvua, yale ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, mwaka mzima. Huku kiangazi yanapwa sana mchana, na baridi ikiingia yale maji makavu hasa yanahamia usiku. Kwa hiyo mwezi wa 11 wavunaji wako ufukweni usiku wa manane, taa kichwani, mabuti mpaka mapajani, mvua inanyesha, wanajaza vikapu kabla maji hayajarudi. Chaza wa mchana wako amevunwa hivyo.

Ukitaka kuokota mwenyewe inawezekana, kwenye fukwe za umma kama Potlatch, lakini kwa masharti: leseni, mwisho chaza 18 kwa mtu kwa siku, na unawafungua hapo hapo ufukweni na kuacha maganda, kwa sababu watoto wa chaza hushika juu ya maganda ya wakubwa wao. Angalia pia ramani ya Idara ya Afya ya jimbo kama ufukwe umefunguliwa, kwani sumu ya mwani haitoki hata kwa kupika. Usikanyage mchanga wa mtu. Tangu karne ya 19 jimbo hili liliuza sehemu kubwa ya ufukwe unaofunikwa na maji yakijaa kwa watu binafsi, jambo ambalo kwetu halipo. Na Waskokomish, wenyeji wa asili wa Hood Canal, wana haki yao ya kuvuna iliyoandikwa kwenye mkataba wa 1855. Waliipigania mahakamani pamoja na makabila mengine mpaka 1994 jaji akatamka kwamba nusu ya mavuno yanayofaa kuvunwa ni yao. Ukiwakuta wanavuna, wapishe.

Mvua ikizidi Jumapili hiyo, rudi Melrose, nunua dazeni wasiofunguliwa pamoja na kisu, uwafungue ulikofikia. Wapange kwenye sahani, ubavu wa shimo chini, taulo lenye unyevu juu, weka kwenye friji. Usiwatie kwenye maji ya bomba wala kwenye mfuko uliofungwa, watakufa. Aliyeachama ukamgonga asijifunge, mtupe.