Jibu: Huawei P40 haina Play Store, je, ni mbovu?

Habari mkuu. Hiyo P40 uliyouziwa bila Play Store si mbovu, ilitoka hivyo kiwandani. Mei 2019 serikali ya Marekani iliiweka Huawei kwenye orodha ya kampuni zisizouziwa teknolojia ya Marekani bila kibali. Google, mwenye Play Store, kwa kuwa ni kampuni ya huko, ikatii, na simu mpya za Huawei zikaikosa. Huawei nayo ikakuza duka lake la programu, AppGallery.

Angalia kwanza modeli: P30 Pro na Mate 20 zilitangulia zuio, Google ipo; kwenye Mate 30 na P40 haipo. WhatsApp ipakue kwenye tovuti yao. Mimi kilichonisumbua ni programu ya benki, ijaribu mapema. Na fundi akikuahidi "kuirudisha Google", usimlipe kabla hujaona Gmail ikifunguka.