Kwenda Thailand kufundisha Kiingereza: namjibu mdogo wangu wa Buhongwa

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema una digrii ya ualimu, Kiingereza na Historia, umemaliza 2022, ajira hazijakufikia na unapiga tuisheni hapo Buhongwa. Vyeti unavyo "kwenye simu". Sasa kuna mtu kakuletea mchongo: ukafundishe Kiingereza Thailand, mshahara baht 35,000, maisha rahisi, wewe umtumie milioni mbili na nusu, uingie kwa viza ya utalii na mambo ya kibali mtayamaliza hukohuko. Waliotangulia kukujibu wamesema tapeli, achana naye, wakaishia hapo. Mimi nitaandika kirefu kidogo, maana kazi hiyo nimeifanya tangu Mei 2017 hadi Machi 2020, na niliondokea hapahapa Mwanza, Mabatini, chumba kimoja choo cha nje.

Kazi ipo. Mshahara huo si wako. Na njia hiyo ya utalii usiipite.

Nianze na mshahara, maana ndipo wengi tunapodanganyika. Matangazo ya kazi kule yanagawa watu mafungu mawili: wazaliwa wa lugha, yaani wa nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya mama, na sisi wengine. Uzaliwa wenyewe haupimwi kwa unavyoongea, unapimwa kwa pasipoti. Shuleni kwetu alikuwepo kijana mmoja Mwingereza, alisomea mambo ya michezo, hajawahi kushika chaki maishani mwake. Baht 32,000. Mimi mwaka wa kwanza nilianza na 18,000. Mama mmoja Mfilipino, miaka kumi na miwili darasani, mwalimu kweli kweli, alikuwa kwenye 20,000. Vipindi ni vilevile, 22 kwa wiki, na ripoti za yule kijana aliyekuwa anaziandika ni huyohuyo mama. Nilinuna mwezi mzima, kisha nikaona nikiendelea nitapata vidonda vya tumbo bure.

Kwa viwango vya siku zile baht moja ilikuwa kama shilingi 66, kwa hiyo 18,000 ni milioni moja na laki moja na ushee. Shule binafsi niliyoiacha huku ilikuwa inanilipa laki nne, na nilipoondoka ilikuwa inanidai miezi miwili. Samahani, mimi ndiye nilikuwa naidai; mpaka leo ulimi unateleza, maana walivyokuwa wananijibu nikiulizia ungedhani mimi ndiye mdaiwa.

Sasa matumizi. Sikukaa Bangkok. Wakala alinipeleka Isaan, ukanda wa kaskazini mashariki, ambako Wazungu wengi hawataki kukaa kwa sababu hakuna bahari. Chumba chenye choo ndani, feni na kitanda, baht 2,500. Umeme na maji kama 500, chakula 5,000 bila kujibana sana, mafuta ya pikipiki 600, simu 300, na vitu vidogovidogo 1,500. Jumla 10,400. Toa 2,500 ya mama Sengerema, inabaki kama 5,000 ya kuweka. Ukiambiwa "maisha rahisi", ndiyo hayo. Lakini yule kijana wa Kiingereza, na 32,000 zake, kila ikifika tarehe 20 alikuwa anakopa. Kiyoyozi usiku kucha, jibini, bia, wikiendi Bangkok.

Kilichoniokoa mimi ni tumbo la Mwanza. Siku ya tatu tu nilipita sokoni jioni nikaona mama mmoja ana jiko la mkaa, juu yake kuna samaki wamepakwa chumvi wakawa weupe kama wamepigwa chokaa, mchaichai umechomoza mdomoni. Nikasogea. Nikaangalia mkia, nikaangalia mapezi. Sato! Sato huyuhuyu wa Mwaloni, kwao anaitwa pla nin. Baadaye walimu wenzangu wakanieleza kwamba Akihito, akiwa bado mwana wa mfalme wa Japani, alimpelekea Mfalme Bhumibol samaki 50 mwaka 1965, wakafugwa kwenye bwawa la ikulu, wakaenea nchi nzima. Nikawaambia hata kwetu ni wa kuja, aliletwa ziwani miaka ya 1950 pamoja na sangara. Hawakuamini kwamba kuna mtu anatoka Afrika na anamjua pla nin kuliko wao. Unambandua gamba la chumvi, nyama ya ndani imeiva kwa mvuke wake, laini, haina haja ya mafuta. Na wenyeji wa Isaan wanakula wali wa kunata, unaletwa kwenye kikapu kidogo cha mwanzi. Unamega kwa mkono, unafinyanga tonge, unachovya. Yaani ugali, ila umesongwa kwa mchele. Nilikaa karibu miaka mitatu sijawahi kuutamani ugali wenyewe, labda siku ya msiba wa babu tu.

Mtego ambao hakuna aliyeniambia ni mkataba wa miezi kumi. Mwaka wa shule kule unaanza katikati ya Mei, unaisha Machi, Aprili wanamwagiana maji kwenye sikukuu yao ya mwaka mpya. Wakala wengi wanakulipa miezi kumi tu. Machi inapoisha na mshahara umeisha, kodi inaendelea, na huruhusiwi kufanya kazi nyingine kwa sababu kibali chako kinataja mwajiri mmoja. Zile 5,000 nilizokuwa naweka zilikwenda zote Aprili na Mei, pamoja na deni la nauli. Kwa hiyo mwaka wa kwanza nilitoka mikono mitupu. Mwaka wa pili nikamkimbia wakala, nikaajiriwa na shule moja kwa moja, 22,000 kwa miezi kumi na miwili. Hapo ndipo hela ilipoanza kuonekana. Ukipata tangazo, kabla ya kuuliza mshahara uliza miezi.

Karatasi. Hii sehemu ina uchovu lakini ndiyo kazi yenyewe. Unatakiwa uwe na digrii, cheti halisi na matokeo yote, vikiwa vimethibitishwa. Hati ya tabia njema ya polisi, unapigwa alama za vidole. Cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wasiokizaliwa nacho, cha saa 120, unasoma mtandaoni. Sisi ambao si wazaliwa wa lugha tunadaiwa pia TOEIC, mtihani wa kupima Kiingereza chako, shule nyingi zinataka kuanzia 600. Mimi nilipata 845 kati ya 990, na nilivyoiona karatasi ile nilitamani kumtumia mwalimu wangu wa kidato cha pili. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, Watanzania tunaulizwa uwanja wa ndege. Pasipoti siku hizi ni shilingi 150,000.

Halafu viza. Inaitwa Non-Immigrant B, na unaipata kabla hujapanda ndege, kwa barua za shule inayokuajiri. Siku hizi inaombwa mtandaoni, ila mimi siku zile niliifuata ubalozi wao ulioko Nairobi, na kwa mtu wa Mwanza hiyo wala si mbali: nilipanda basi Buzuruga, Lamadi, Bunda, Tarime, Sirari tukavuka mguu kwa mguu upande wa Isebania, Kisii, Narok, Nairobi. Nikalala River Road kwenye chumba ambacho sitaki kukielezea. Ukishaingia na viza hiyo unapewa siku 90, na ndani ya hizo mwajiri anakutafutia kibali cha kazi na ruhusa ya Baraza la Walimu la Thailand, kisha uhamiaji wanakuongezea muda wa mwaka. Kila baada ya siku 90 unaripoti unakoishi.

Mimi wakala alinichelewesha. Kila nikiuliza, "kesho, kesho", kama fundi cherehani wa Makoroboi wiki ya Idi. Siku 90 zikaisha, nikawa nimezidisha siku tisa bila kujua vizuri uzito wake. Kuzidisha ni baht 500 kwa siku. Nikalipa 4,500 kutoka mfukoni, robo ya mshahara, huku yule binti wa wakala amekaa pembeni anatabasamu. Kule watu wanatabasamu kwa mambo mengi, itakuchukua muda kujua tabasamu lipi ni la nini. Tangu siku hiyo tarehe za pasipoti yangu nilizishika mwenyewe, nilizibandika ukutani juu ya jiko.

Kwa hiyo mtu akikwambia uingie kama mtalii, mwelewe anachosema: ufundishe bila kibali. Ukikamatwa, faini ni kati ya baht 5,000 na 50,000 na unarudishwa kwenu, na mwajiri anaweza kusema hakujui. Nilikutana na Wacameroon wengi wanaofundisha kule, walimu hodari, ndio walionifundisha mji. Baadhi yao waliingia hivyo zamani, na kila wakiona pikipiki ya polisi inapunguza mwendo getini wanahesabu moyo unavyopiga.

Na kuna baya kuliko faini. Siku hizi wapo wanaotangaziwa kazi Thailand, ya ualimu au ya kompyuta, wakifika Bangkok wanapakiwa gari mpaka Mae Sot, mji wa mpakani, wanavushwa mto kuingia Myanmar, upande wa Myawaddy. Huko wanafungiwa kwenye majengo ya utapeli wa mtandaoni. Februari 2025 walipotolewa watu zaidi ya 250 kwa mkupuo mmoja, kundi kubwa lilikuwa Waethiopia, na Wakenya walikuwemo. Sisemi huyo wa kwako ni wa hao. Nasema muulize jina la shule, mkoa, na barua yenye mhuri, kisha ipigie shule simu mwenyewe. Shule ya serikali kule ina bango, ina mkuu, ina watoto wanaoimba wimbo wa taifa saa mbili asubuhi. Haifichiki.

Darasani sasa, maana nako umeuliza kama utaweza. Utaweza kuliko unavyodhani. Nilipoambiwa darasa lina watoto 42, yule wa Kiingereza alishika kichwa. Mimi nilitoka kwenye mikondo ya Igoma, nikauliza wengine wako wapi. Viboko vimepigwa marufuku, hilo lilinisumbua wiki mbili za kwanza nikiri, sikujua mkono niuweke wapi. Nikajifunza kunyamaza katikati ya sentensi na kusubiri.

Siku moja binti wa mstari wa pili anasoma sentensi ya kula wali kila siku. R kwao ni ngumu, inatoka L. Na neno la Kiingereza la wali ukilitamka kwa L linakuwa chawa. Nikachora ubaoni chawa mkubwa, miguu sita, kisha sahani, kisha nikamweka yule chawa kwenye sahani. Darasa likapasuka kwa kicheko, binti akajifunika uso. Nikamwambia mimi mwenyewe, mtoto niliyelelewa kwa Kisukuma, niliwahi kuchapwa darasa la tatu kwa kusoma "wananchi walipiga kula". Mwalimu msaidizi akawatafsiria. Tukakaa dakika ishirini nzima mimi na watoto 42 tunakunguruma R kama bodaboda inayokataa kuwaka. Ni kipindi ambacho yule mzaliwa wa lugha asingeweza kukifundisha, maana yeye ulimi wake haujawahi kumsumbua.

Si wote watakupokea hivyo. Mzazi mmoja alimuuliza mkuu wa shule, nimesimama palepale, kama hakuna Mzungu. Mkuu akatabasamu.

Kuhusu nchi nyingine ulizotaja, kwa haraka: Korea Kusini viza yao ya walimu wa lugha, E-2, ni ya raia wa nchi saba, na kwa Afrika ni Afrika Kusini peke yake. China nako wanataka mzaliwa wa lugha, na tangu 2021 serikali yao ilivyovibana vituo vya tuisheni, kazi zimepungua. Usipoteze bando.

Nilirudi Machi 2020, mkataba ulipoisha, mipaka ikiwa inaanza kufungwa nyuma yangu. Kama ningengoja muhula mpya ningengoja mpaka Julai, shule zilichelewa kufunguliwa kwa ajili ya korona. Baada ya nauli na madeni nilibaki na kama milioni kumi na tatu. Kiwanja Kisesa, na banda la tuisheni ambalo ndilo linanilisha mpaka leo. Kwa miaka mitatu si utajiri, lakini hapa kwa laki nne zisizolipwa nisingefika hata robo.

Milioni mbili na nusu hiyo usimpe mtu. Ukijumlisha TEFL, pasipoti, viza na sehemu kubwa ya tiketi, ni hiyohiyo. Omba kazi kuanzia Februari, shule zinatafuta walimu kabla ya Mei. Ukikwama popote niulize, nitakuelekeza. Ila kabla ya yote nenda chuoni kachukue cheti chenyewe, hicho cha kwenye simu hakipigwi mhuri. Najua kwa nini hujakichukua, hata mimi changu kilikaa miaka miwili kwa deni la ada.