Rwanda iridhie Mkataba wa Roma, Burundi irudi: majibu kwa wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Katika safu iliyopita niliiomba serikali ya Rwanda iridhie Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kule The Hague, na Burundi irudi ilikojitoa. Jumbe zilizofuata ni nyingi, nyingine kali. Nimechagua hizi kwa sababu zinabeba hoja za wengi.

Shikamoo wakili. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Mambo ya Kigali na The Hague yananihusu nini? (Mama wa dagaa, Mwanza)

Marahaba, mama. Yanakuhusu kwa sababu ya maji unayoyategemea. Mto Kagera unakusanya maji ya Rwanda na Burundi, unapita Rusumo na kumwaga ziwani. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, maiti zilitupwa mitoni na kushuka hadi Ziwa Victoria. Upande wa Uganda ziliopolewa kwa maelfu na kuzikwa Kasensero, Lambu na Ggolo, na makaburi hayo yapo hadi leo. Kandokando ya ziwa watu wakaogopa kula samaki.

Mto huo ulikuwa umeshatajwa kabla. Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia wafuasi wa chama chake huko Kabaya, akazungumzia kuwarudisha Watutsi Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo, ambao maji yake ndiyo yanayoingia Kagera. Alikimbilia Canada. Alirejeshwa Rwanda mwaka 2012, na mahakama ya Rwanda ikamhukumu kifungo cha maisha mwaka 2016. Kuanzia maneno hadi hukumu imepita zaidi ya miaka 20.

Halafu kuna Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban siku moja. Waliowapokea ni wanavijiji wa Tanzania, na kuni na maji wakagawana nao. Jirani anapochinjwa, sisi wa ukanda huu hupata habari kabla ya redio. Ndiyo maana nasema tuna haki ya kumwomba jirani aweke sahihi yake.

Wakili, Rwanda ndiyo iliyoumizwa na dunia ikatazama tu. Leo unaidai nini? Au mnataka kesi za 1994 zifunguliwe upya? (Mwanafunzi wa sheria, Nyegezi)

Kesi za 1994 haziguswi. Mamlaka ya ICC yanaanza tarehe 1 Julai 2002, na kwa nchi inayojiunga baadaye yanaanza siku mkataba unapoanza kuifunga, isipokuwa nchi yenyewe iamue vinginevyo. Ya 1994 yalishughulikiwa na mahakama maalumu ya Umoja wa Mataifa hapa kwetu Arusha, iliyofungwa mwisho wa 2015 baada ya kuwashtaki watu 93. Pale Arusha ndipo, tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alipokuwa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la kimbari. Hukumu hiyohiyo ilisema ubakaji unaweza kuwa tendo la kimbari. Huko Rwanda kwenyewe, mahakama za gacaca, yaani za wananchi wenyewe vijijini, zilisikiliza kesi karibu milioni mbili hadi zilipofungwa mwaka 2012.

Umesema kweli kwamba dunia ilitazama tu, na Wanyarwanda wana kila sababu ya kutoamini ahadi za wakubwa. Lakini fikiria nani anachagua majaji na mwendesha mashtaka wa ICC: ni nchi wanachama, kwa kura. Hakuna nchi hai inayojua kimbari kwa undani kama Rwanda, nayo haina kura. Naumia kuliona hilo. Mahakama inakosa sauti inayoihitaji kuliko zote, na Rwanda inaachia wengine waamue namna ya kuhukumu kosa lililoiua.

Hiyo ICC ni fimbo ya wazungu kwa Waafrika. Andika na hilo! (Dereva wa bodaboda, Buzuruga)

Naliandika, kaka, kwa sababu halikutoka hewani. Hadi Januari 2016, ilipofunguliwa ya Georgia, uchunguzi wote wa ICC ulikuwa Afrika. Tena Marekani, Urusi na China hazimo kwenye mkataba, na hiyo ni dhuluma; sitaitafutia jina jingine.

Ila Uganda, Kongo, Afrika ya Kati na Mali ziliipeleka ICC kesi zao zenyewe. Na siku hizi hati za kukamatwa zimetolewa dhidi ya Vladimir Putin (Machi 2023) na Benjamin Netanyahu (Novemba 2024), na Rodrigo Duterte wa Ufilipino alikamatwa na kupelekwa The Hague Machi 2025. Kwa watoto wa kaskazini mwa Uganda waliotekwa na waasi wa LRA, hukumu ya miaka 25 aliyopewa Dominic Ongwen, kamanda wao, mwaka 2021 haikuwa fimbo ya mzungu. Waliotendewa walikuwa Waafrika.

Asiyejiunga si yuko salama? Ndiyo maana Burundi ikatoka. (Mfanyabiashara, Sengerema)

Hapana. ICC inaangalia pia kosa limetendeka katika ardhi ya nani. Kongo ni mwanachama tangu 2002, kwa hiyo anayeua raia Goma au Bukavu anaweza kushtakiwa hata kama pasipoti yake ni ya nchi isiyojiunga. Burundi ilitoa taarifa ya kujitoa tarehe 27 Oktoba 2016 na ikatoka rasmi mwaka mmoja baadaye. Siku mbili kabla ya mlango kufungwa, majaji waliidhinisha uchunguzi wa uhalifu uliodaiwa kutendeka kuanzia Aprili 2015. Kujitoa hakufuti ya nyuma. Duterte naye, aliyeiondoa Ufilipino kwenye mkataba, alidhani kunafuta.

Kinachopotea kwa nchi kukaa nje ni wajibu wa kukamata. Mtuhumiwa akivuka mpaka kuingia nchi isiyo mwanachama, kumkabidhi kunategemea hisani. Bosco Ntaganda, aliyekuwa kiongozi wa waasi huko Ituri, mashariki mwa Kongo, alijisalimisha mwenyewe ubalozi wa Marekani mjini Kigali, Machi 2013, akapelekwa The Hague na baadaye akahukumiwa miaka 30. Ilikuwa bahati. Haki za wajane wa Ituri zisingojee bahati.

Wakitiwa hatiani wananyongwa? (Mvuvi, Kayenze)

Hapana. Kifungo kisichozidi miaka 30, au cha maisha kwa makosa mazito sana. Fidia kwa waathirika huweza kuamriwa pia.

Mwanangu, kesi za Wakenya si ziliyeyuka? Tunamshawishi jirani ajiunge na kitu kilichoshindwa? (Mwalimu mstaafu, Ukerewe)

Shikamoo, mwalimu. Ziliyeyuka kweli. Mashtaka ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya William Ruto ikakoma Aprili 2016. Mashahidi walijitoa au kubadili maneno, na familia za waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007 hazijapata jibu. Mahakama isiyo na polisi wake inategemea serikali zishirikiane nayo, na wanachama wakiwa wachache katika ukanda, shahidi ana pa kutishwa pengi kuliko pa kukimbilia. Kati ya nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki, waliomo ni sisi, Kenya, Uganda na Kongo tu.

Na Tanzania je? Tunawafundisha wenzetu wakati kwetu kumekaaje? (Karani, Ilemela)

Swali hili lilinichoma. Tuliridhia tarehe 20 Agosti 2002, mapema kuliko Kenya. Lakini mkataba kwetu hauwi sheria ya kutumika mahakamani mpaka Bunge liitunge, na hatujaitunga. Kenya ina yake tangu 2008, Uganda tangu 2010. Sheria kama hiyo ndiyo inayoziwezesha mahakama za nyumbani kufanya kazi hii, maana ICC huingia pale tu nchi isipotaka au isipoweza kushtaki yenyewe. Uganda ilimhukumu kamanda wa LRA, Thomas Kwoyelo, miaka 40 jela Oktoba 2024, mjini Gulu, kwa majaji wa Uganda.

Kwa hiyo ombi langu kwa Kigali na Gitega linaenda pamoja na ombi kwa Dodoma. Mbunge wako akija kwenye mkutano, muulize lini muswada wa kutekeleza Mkataba wa Roma utasomwa. Wabunge wetu wa Afrika Mashariki, wanaokaa Arusha, waulizwe watapeleka lini hoja ya kuzitaka nchi nne zilizobaki ziridhie. Ibara ya 6(d) ya mkataba wa Jumuiya inataja utawala wa sheria na uwajibikaji kuwa misingi yake, na Rwanda na Burundi ziliikubali zilipojiunga mwaka 2007. Ukipata jibu, liandike na jina la aliyelitoa, unitumie. Nitalichapa hapa.