E-2 au EB-5 kwa mwekezaji anayehamia Marekani?
Ndugu, umeuliza ipi inakufaa kati ya E-2 na EB-5, visa mbili za Marekani za wawekezaji. Anza na pasipoti yako: E-2 ni ya raia wa nchi zenye mkataba wa biashara na Marekani tu. Kongo ya Kinshasa imo, Kenya na Tanzania hazimo, hata uwe na mtaji mnono kiasi gani. Tena E-2 haikupi ukaazi wa kudumu. Unaihuisha maadamu biashara inakwenda. EB-5, ambayo ndiyo njia ya ukaazi huo, haidai mkataba, ila unawekeza dola 800,000 vijijini au penye uhaba mkubwa wa ajira, kwingineko 1,050,000, na lazima uwekezaji huo uzalishe ajira 10. Nakusihi, kusanya mapema ushahidi wa ulikozipata fedha. Hapo maofisa wa uhamiaji wanachimba sana.